Kanga Iliyosomwa Nusu

Mlango uliocheka haubishwi hodi mara mbili.

Mmelisikia neno hili asubuhi kwa Mama Shadida, alipoambiwa arudi kwa yule fundi cherehani wa sokoni aliyemtania kiuno mbele za watu. Mkacheka, mkaja mbio kuniuliza: Bibi, mlango unachekaje? Haya, kaeni. Ila mikono isikae, korosho hizo hazitajibangua zenyewe. Neno hili si la kale kama mnavyodhani. Hatukuachiwa na mababu. Mimi nilikuwepo lilipozaliwa, na laiti nisingekuwepo.

Lilizaliwa hivi.

Zamani zile zahanati yetu ya hapa Nambunda ilikuwa na vyumba viwili, baraza moja na nesi mmoja. Nesi huyo aliitwa Skolastika. Alikuwa mtoto wa misheni, mrefu, msafi, na mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi mpaka watoto walisahau kulia. Nisiwadanganye kwamba alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ni rahisi kumsimulia, unamtupia lawama ukaenda zako kulala. Skolastika alikuwa mzuri. Mwaka wa kipindupindu alitembea nyumba kwa nyumba mpaka kucha za miguu zikamtoka. Lakini alikuwa na ulimi wa utani, na ulimi huo alikuwa hajui uzito wake.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Aliyefikisha mwezi wa nane alitakiwa alete mzigo wake ukaguliwe: beseni, wembe mpya, uzi, pamba, kipande cha mpira wa kutandika, na kanga mbili, moja ya kumpokea mtoto na moja ya mama kujifunga. Amri hiyo iliandikwa kwa chaki kwenye ubao, na sisi tusiojua kusoma tuliambiwa kwa mdomo. Kanga mbili. Asiye nazo asije kusumbua watu.

Skolastika alikagua mizigo palepale barazani, mbele ya benchi zima. Alikuwa akiitoa kanga, anaikung'uta, anainyoosha mikono yote miwili, kisha anasoma jina lake kwa sauti kubwa. Nanyi mnajua kwamba kanga bila jina ni shuka tu. Wengi wetu tulikuwa tunavaa maneno tusiyoyajua, tukiamini alichotuambia muuzaji. Kwa hiyo siku ile ya kusomewa ilikuwa tamu kama ngoma. Watu walikuwa wakichagua kanga makusudi. Mmoja alileta iliyosema JIRANI UTAKONDA KWA KUCHUNGULIA, na jirani mwenyewe kakaa naye benchi moja, bega kwa bega. Tulicheka mpaka mimba zikacheza.

Baadaye Skolastika alikuja kuniambia kwamba hakuwa na nia mbaya. Aliona wanawake wanakuja pale na hofu zao, akafikiri kicheko kitawatoa hofu. Na kweli kiliwatoa wengi. Hakufikiri kwamba iko siku atakuja mtu ambaye kanga yake si mchezo.

Mtu huyo alikuwa Somoe, mke wa Issa, kule mwisho wa mikorosho, jirani yangu wa mpaka mmoja. Alikuwa binti mkimya, mimba yake ya kwanza. Alikaa na mama mkwe wake, Binti Likungwa, ambaye alikuwa mkunga wa jadi na alikwishazalisha nusu ya kijiji hiki. Na sikieni jambo hili, maana watu hulipindua: huyo mkunga ndiye aliyemtuma Somoe zahanati. Alimwambia, "Nenda kwa nesi, mkamwana wangu. Macho yangu siku hizi hayauoni hata uzi. Mimba ya kwanza haitaki majaribio."

Somoe akaanza kukusanya vitu. Vyote vilipatikana isipokuwa kanga ya pili. Issa alikuwa mbali kwenye kazi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu, na Somoe alikuwa na kipande kimoja tu kizima, alichokirithi kwa marehemu mama yake. Mwenzake wa doti ile aliishia msibani. Alikitazama siku mbili. Siku ya tatu akakichana katikati. Akakaa kivulini na sindano, akapiga pindo kila upande uliochanika, mishono midogo midogo iliyolingana, akavifua, akavikunja kimoja juu ya kingine ndani ya beseni. Zikawa kanga mbili. Nani angesema si mbili?

Jumatano ile akaja. Zamu yake ilipofika, Skolastika alichukua kanga ya juu, akaikung'uta. Ikatoka nusu.

"Jamani," akasema, "hii ni kanga au leso ya kufutia kamasi?"

Benchi likaguna kwa raha. Skolastika akainyoosha. Maandishi yalianzia katikati ya kitambaa na kuishia kwenye pindo la mkono. Akayasoma kwa madaha, kama alivyozoea.

"SIONI HAYA." Akamgeukia Somoe, mkono kiunoni. "Ala! Somoe! Na ukimya wote ule, kumbe mwenzetu huoni haya?"

Benchi lilipasuka. Mmoja akadakia, "Angeona haya, tumbo lile lingetoka wapi?" Tukapasuka tena. Nasema tukapasuka, kwa sababu na mimi nilikuwamo. Nilikuwa na mimba ya mama yenu, nilikaa wa tatu kutoka mlangoni, na nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Somoe hakucheka wala hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo. Mimi nasoma tu, siandiki."

"Hakuna neno jingine?"

"Jingine lipi tena? Sioni haya, basi."

Somoe akaipokea nusu yake kwa mikono miwili. Akaikunja taratibu, akairudisha kwenye beseni, akajitwika, akaondoka.

"Somoe! Rudi bwana, utani tu huu!" Skolastika alimwita huku bado anacheka. "Somoe wee!"

Kadi yake ilibaki mezani. Nusu ya pili ya kanga iliondoka naye mlemle ndani ya beseni, imekunjwa, haijaguswa. Skolastika hakuiuliza. Alichukua kalamu akaandika kwenye ile kadi: Kanga moja, haitoshi. Kisha akaita anayefuata.

Jumatano iliyofuata Somoe hakuja. Skolastika akaiweka kadi kwenye saraka. Jumatano ya tatu akaitoa, akaitazama, akairudisha. Moyoni alijua kwamba anapaswa kwenda kumwona. Nyumba yenyewe si mbali. Lakini mtu mwenye cheo akikosea, kila hatua ya kwenda kuomba radhi huwa ndefu, na yeye alijipa maneno ya kujifariji: uchungu hauna kiburi, ukimshika atakuja mwenyewe.

Uchungu ulimshika Somoe usiku wa kuamkia Jumatatu, na hakuja. Asubuhi jua limekwishapanda, Binti Likungwa alinipigia ukelele kutoka uani kwake. Nilipofika, nilichokiona kilinitosha. Mtoto alikuwa ametoka salama tangu alfajiri, lakini kondo la nyuma lilikataa kutoka, na damu ilikuwa inakwenda. Yule bibi, aliyezalisha nusu ya kijiji, alikuwa na damu mpaka viwikoni. Akaniambia, "Kimbia." Nikakimbia na tumbo langu.

Skolastika hakuuliza mara mbili. Alichukua begi lake, tukashika njia ya mikorosho. Njiani, pumzi juu, akasema, "Mama yule ni mkunga, anajua hatari. Kwa nini hawakumleta?"

Nikazidisha mwendo.

"Asumini, nakuuliza. Kwa nini hawakumleta?"

"Unaniuliza mimi?" nikamjibu. "Si tulicheka wote."

Alisimama. Hatua moja tu alisimama, kama mtu aliyechomwa na mwiba, kisha akaendelea, na hakusema neno tena mpaka mlangoni.

Mlango wa Binti Likungwa ulikuwa umefungwa. Skolastika akabisha. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Ndani tulisikia sauti ya Somoe, dhaifu, inasema maneno tusiyoyapata. Kisha mlango ukafunguka kidogo, yule mama akasimama katikati, mdogo wa kimo, nguo zake zimejaa damu.

"Skolastika," alisema. Hakumwita nesi. "Nilimsihi mkamwana wangu usiku kucha nimbebe nimlete kwako. Unajua alinijibu nini? Kaniambia, mama, mlango uliocheka haubishwi hodi mara mbili."

Skolastika akalihamisha begi mkono wa pili.

"Sasa leo mwenye kubisha hodi ni wewe," yule mama akaendelea. "Na hapa kwangu hakuchekwi. Pita."

Akapita. Nimeyaona mengi maishani, lakini sijamwona mtu mrefu akiingia mlangoni kwa kuinama vile, na mlango wenyewe haukuwa mfupi.

Alifanya kazi yake. Ile alikuwa anaijua, Mungu amlipe. Alimchoma Somoe sindano, akaminya tumbo, akasubiri, akaminya tena, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Kondo likatoka. Damu ikapungua, ikawa ya kawaida. Somoe akanywa uji wa chumvi, vijiko viwili, kisha vitatu, rangi ikaanza kumrudia. Ndipo Skolastika alipomchukua mtoto ili amtazame. Alikuwa wa kike, ana nywele nyingi, amelala, amefungwa ndani ya nusu ya kanga. Akaifungua. Maandishi yalikuwa tumboni kwa mtoto, yameanzia kwenye pindo la mkono.

KUKUITA MAMA.

Nilimwona midomo ikisoma bila sauti. Akasoma tena. Akagusa ule mshono wa pindo kwa kidole. Akauliza, "Somoe, kanga hii umeitoa wapi?"

"Ni ileile," Somoe alisema. "Ulisema ziwe mbili."

"Ilitoka wapi, nauliza. Ilikuwa ya nani?"

Somoe akasema, akitazama juu darini.

"Mama aliyenilea hakunizaa. Nilimkuta kwa baba, nina miaka minne. Nikakataa kumwita mama. Nilikuwa namwita 'wewe'. Wewe, nipe maji. Wewe, baba anakuita. Hakuwahi kunipiga kwa ajili hiyo. Nilipovuna ufuta wangu wa kwanza, nikaenda mnadani, nikamwambia muuza kanga, nitafutie inayosema mama. Akanisomea moja. Akasema imeandikwa, sioni haya kukuita mama. Nikainunua, nikampelekea. Akalia. Akaivaa miaka saba, harusini, msibani, kila mahali, na kipande kimoja ndicho walichomfunika nacho siku ya mwisho."

Akageuza uso, akamtazama Skolastika.

"Halafu wewe ukaisoma. Ukasema hakuna neno jingine, na mimi sijui neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Nikajua yule mchuuzi alinidanganya kwa kuwa sijui kusoma. Nikajua mama yangu alitembea miaka saba ameandikwa 'sioni haya' matakoni, na wote wanaojua kusoma walikuwa wakimcheka nyuma, kama mlivyonicheka mimi. Na aliyemvika ni mimi. Ndiyo maana sikuja, nesi. Si kwa hasira. Nilikuwa naona aibu yake."

Niliangalia sakafu. Hakukuwa na mahali pengine pa kuangalia.

Skolastika aliuliza kwa shida, "Ile nusu nyingine iko wapi?"

Binti Likungwa akaonyesha kwa kidevu ndoo ya pembeni. "Mwenyewe alisema haifai kumpokea mtoto. Kasema tufutie damu."

Wajukuu zangu, damu ya uzazi kwetu hafui mtu wa nje. Hufua mama mzazi, au mkwe, au kungwi aliyekucheza unyago. Na nesi ndiyo kabisa, yeye huonyesha kwa kidole, wengine wakafua. Skolastika aliinua ile ndoo, akatoka nayo uani, akavua viatu vyake vyeupe, akapiga magoti. Nilitaka kumpokea. Binti Likungwa akanishika mkono. "Mwache afue," akasema.

Alifua kwa sabuni ya mche, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka yakatoka meupe. Alikuwa analia, na hakujifuta kwa kuwa mikono ilikuwa na povu. Kisha akakikamua kile kitambaa, akarudi ndani, akaitandika ile nusu mbichi kwenye mkeka kando ya Somoe. Mtoto tukamfunga kitenge changu. Akaitandika ile nusu ya pili ubavuni, pindo kwa pindo, mpaka maua yakakutana na maua. Akakishika kidole cha Somoe, akakitembeza juu ya herufi.

"Hapa, sioni. Hapa, haya. Sasa vuka mshono wako. Kukuita. Mama." Akamtazama usoni. "Mchuuzi hakukudanganya. Mama yako hakuchekwa na mtu. Mimi ndiye niliyesoma nusu."

"Soma tena," Somoe alisema.

Akasoma tena.

"Tena."

Mara ya tatu Somoe aligeukia ukutani akalia kwa sauti, kilio cha msiba, kama mtu aliyefiwa jana. Alikuwa anamwita mama yake. Skolastika alibaki amekaa sakafuni, magoti yamelowa, na kile kidole bado amekishika.

Jumatano iliyofuata alisimama mbele ya benchi akasimulia kila kitu, hata kile alichoandika kwenye kadi. Hakujipunguzia. Lakini alisimulia kwa wanawake watano. Zamani tulikuwa ishirini na zaidi, tunabanana. Habari zilikwishatembea kisimani na kwenye mashamba: ukienda kule, nguo zako zinasomwa. Alifuta ubaoni yale maneno ya kanga mbili, akaandika nguo safi, yoyote. Ukaguzi akauhamishia chumbani, akatundika pazia. Na tangu siku ile hakusoma tena kanga ya mtu. Ukimwomba akusomee, anasema macho yanamuuma.

Mngependa nikomee hapo. Na mimi ningependa.

Somoe alipata mimba ya pili, akajifungulia nyumbani. Skolastika alipopata habari alikwenda na begi lake, akabisha hodi, akafunguliwa, na mambo yakawa salama. Akasema moyoni, ikibidi nitamfuata kila mara. Mimba ya tatu ikafika siku zake wakati nesi ameitwa semina wilayani, siku nne. Mtoto alikuja akitanguliza miguu. Binti Likungwa alikuwa amekwishafariki, na sisi wanawake wa jirani tulifanya tulichojua, na tulichojua kilikuwa kidogo. Mtoto hakulia. Tulimzika nyuma ya mkorosho wa mwisho.

Skolastika alishuka kwenye gari la wilaya na begi la safari mkononi, akaja moja kwa moja bila kupitia kwake. Alisimama pale kaburini muda mrefu. Kisha akamwuliza Somoe, na sote tuliokuwapo tulisikia, "Hukunisamehe?"

"Nilikusamehe siku ile ulipofua," Somoe alisema. "Safari hii nilitoka mara mbili nije kwako. Nikifika pale kona, baraza inapoanza kuonekana, nakisikia kile kicheko. Moyo ulikwishasamehe, dada yangu. Miguu ndiyo iliyokataa."

Skolastika akaliweka begi la safari chini, akaketi kando yake.

Siku hizi watu huja na magari na karatasi zao, wanauliza kwa nini wanawake wa hapa wengine bado wanajifungulia majumbani. Huambiwa ni umbali, ni nauli, ni waume, ni mila. Yote hayo yapo, siyakatai. Mwaka jana dada mmoja mpole, ana miwani, alikuja kuniuliza mimi, maana mama zenu wadogo wote watatu niliwazalia kwenye chumba hiki. Nikamwambia ni umbali. Akaandika. Kutoka kizingiti hiki hadi zahanati ni hatua mia mbili, na alizitembea mwenyewe wakati wa kurudi. Sijui alinifikiria nini. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba baada ya siku ile nilikuwa nikiogopa benchi ambalo mwenyewe nilikalia nikacheka.

Mliniuliza mlango unachekaje. Mlango hauna meno, wajukuu zangu. Meno yalikuwa yetu. Sasa basi, kesho mkipita kwa Mama Shadida msimcheke, wala msimsukume arudi kwa yule fundi. Mpelekeeni hizi korosho, mkae naye kidogo. Akiwaambia tena lile neno lake, mtakuwa mnajua lilitoka kinywani mwa nani, na siku ile lilikuwa na damu.

Mlango uliocheka haubishwi hodi mara mbili.